Kompyuta Isipowaka: Yatazame Haya Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa katika mtaa mmojawapo wa Manispaa ya Mpanda. Hesabu za wanachama thelathini, yaani hisa, mikopo na marejesho ya mwaka mzima, zimo katika kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni kwake. Ni mwanzoni mwa Desemba, na zimesalia wiki mbili kabla ya siku ya kugawana. Jioni mvua inanyesha kwa radi; umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Asubuhi anapobonyeza kitufe cha kuwashia, feni inavuma na taa ya kijani inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Fundi wa kwanza anamwambia kuwa mazabodi imeungua, anunue nyingine. Fundi wa pili anamwambia mashine ni nzima, ila ipigwe Windows upya. Katibu hajui amwamini nani. Wala hajui kwamba akimkubalia huyo wa pili bila masharti, hesabu za watu thelathini zinaweza kufutika kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Katika makala haya tunaeleza namna mtumiaji wa kawaida, asiye fundi, anavyoweza kutambua mahali kompyuta yake ilipokwama, namna ya kuyalinda mafaili yake, na masharti ya kuyaweka bayana kabla ya kumkabidhi fundi mashine.

Mashine, mfumo na mafaili ni vitu vitatu

Watu wengi husema "kompyuta imekufa" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hakika kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni mashine yenyewe: kasha, bodi kuu ambayo mafundi huiita mazabodi, kumbukumbu ya muda iitwayo RAM, na diski. Cha pili ni mfumo endeshi, kama vile Windows, ambao ndio programu inayoiamsha na kuiongoza mashine. Cha tatu ni mafaili yako: hesabu, barua, picha na kazi za shule. Mfumo na mafaili vyote hukaa katika diski, lakini mfumo unaweza kuharibika mafaili yakabaki salama, na mashine inaweza kuungua diski ikabaki nzima.

Dunia ililiona jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zilishindwa kuwaka, baada ya kampuni ya CrowdStrike ya Marekani kusambaza sasisho lenye kasoro la programu yake ya ulinzi. Shughuli za viwanja vya ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi zilivurugika. Hata hivyo, kasoro ile haikuunguza mazabodi wala kufuta mafaili ya watu. Tiba iliyotumika kwa mashine nyingi ilikuwa kuziwasha katika hali salama na kufuta faili moja lililoharibika. Tunachojifunza hapo ni kwamba kompyuta isiyowaka si lazima iwe imekufa, na dawa sahihi hutegemea kujua kilichoharibika kati ya vitu vile vitatu.

Anza na umeme

Mpanda ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli. Wakazi wake wanajua vyema maana ya umeme mdogo, taa zinazofifia jioni, na mshtuko wa umeme unaporudi kwa nguvu. Umeme wa majumbani nchini mwetu umepangwa kuwa wa volti 230. Unaposhuka sana au kupanda ghafla, sehemu ya kwanza kuumia ndani ya kompyuta ya mezani ni kisanduku cha kupokea umeme, kinachojulikana kama pawasaplai. Kwa kompyuta mpakato ni chaja. Vitu hivi viwili hugharimu kidogo kuliko mazabodi. Kwa hiyo kabla ya kukubali kwamba mazabodi imeungua, hakikisha umeme unaingia.

Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu katika soketi ileile. Kisha iondoe ekstensheni na stabilaiza, uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani kwa muda mfupi wa majaribio, umeme ukiwa umetulia. Mara nyingi kilichoungua ni ekstensheni au fyuzi ya plagi, na kompyuta haina neno.

Kwa kompyuta ya mezani, tazama nyuma ya kasha. Pawasaplai nyingi zina swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, ambayo huguswa bila kukusudia wakati wa kufanya usafi. Baadhi ya mashine za mtumba huwa na swichi nyingine, nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka katika umeme wetu ikiwa hivyo, pawasaplai huungua papo hapo, pengine kwa mlipuko. Ukinunua kompyuta ya mtumba, itazame swichi hiyo kabla ya kuichomeka kwa mara ya kwanza. Kamwe usiifungue pawasaplai yenyewe, hata kama imechomolewa, kwa kuwa huhifadhi umeme ndani yake unaoweza kudhuru.

Kwa kompyuta mpakato, tazama kama taa ya chaja au ya ubavuni inawaka. Ukiazima chaja ya jirani, soma maandishi yake: volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye chaja yako au chini ya kompyuta. Kisha jaribu hili: chomoa chaja, ondoa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, halafu rudisha chaja pekee na uwashe. Kitendo hiki humaliza mabaki ya umeme yaliyogandisha mashine, na kompyuta nyingi zilizodhaniwa kufa huamka.

Wanaotumia umeme wa sola wakumbuke kwamba inveta ndogo ina kikomo. Chaja nyingi za kompyuta mpakato huandikwa wati 45 au 65. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake huhitaji zaidi. Ikiwa kompyuta huzimika kila inapoanza kuwaka, huenda inveta ndiyo inayozidiwa.

Imekwama katika hatua ipi?

Kompyuta huwaka kwa hatua. Ukijua imesimama wapi, umeshajua nusu ya tatizo, na si rahisi mtu kukuuzia kipuri usichokihitaji.

*Hatua ya kwanza: hakuna taa, hakuna sauti.* Tatizo liko kwenye umeme, chaja, pawasaplai au kitufe. Windows haihusiki kabisa, na mafaili kwa kawaida yako salama.

*Hatua ya pili: feni inavuma, skrini ni nyeusi.* Kagua kwanza waya wa skrini pande zote mbili. Kwa kompyuta mpakato, mulika skrini kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu, kompyuta inafanya kazi na kilichokufa ni mwanga wa skrini tu. Kama hakuna picha, sikiliza milio. Mashine nyingi za mezani hutoa milio mifupi au mirefu kuashiria kilichoshindwa, na mara nyingi kilichoshindwa ni RAM. Vumbi la kiangazi cha Katavi, kuanzia Mei hadi Oktoba, hupenya kila upenyo na kufunika miguu ya RAM. Kuichomoa, kuifuta miguu yake taratibu kwa kifutio cha penseli na kuirudisha mahali pake ni kazi ya dakika kumi. Ukiifanya mwenyewe, chomoa kwanza waya wa umeme na uguse chuma cha kasha, ili umeme tuli wa mwilini usidhuru vipuri. Kama huna uhakika, mwachie fundi, lakini mwombe aanze na hilo mbele yako.

*Hatua ya tatu: nembo ya kampuni inaonekana, kisha yanakuja maandishi meupe.* Chomoa flashi na vifaa vyote vya pembeni, kwa sababu mashine huenda inatafuta mfumo ndani ya flashi badala ya diski. Kama maandishi yanalalamika juu ya tarehe na saa, betri ndogo ya bapa iliyo kwenye mazabodi imeisha. Betri hiyo huandikwa CR2032, ni ya volti 3, na mtu yeyote anaweza kununua na kubadilisha. Dalili yake nyingine ni kompyuta kurudi mwaka wa nyuma kila inapochomolewa, na tovuti kukataa kufunguka. Kama maandishi yanasema diski haionekani, au unasikia mlio wa kugonga-gonga kutoka ndani, zima mara moja. Diski inayogonga inakaribia kufa, na kila unapoiwasha tena unapunguza uwezekano wa kuyaokoa mafaili.

*Hatua ya nne: Windows inaanza, inazunguka bila kufika, au inaleta skrini ya buluu.* Hapa mashine imefanya kazi yake, na mara nyingi tatizo liko katika mfumo. Piga picha ya maandishi ya skrini hiyo kwa simu. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo. Ndani yake kuna chaguo la Startup Repair, ambalo hujaribu kurekebisha mfumo bila kugusa mafaili, na chaguo la kuwasha katika hali salama ili uondoe programu uliyoiweka karibuni. Ukifika kwenye chaguo la Reset this PC, soma kwa makini: maneno Keep my files yana maana ya kuyabakiza mafaili, na Remove everything yana maana ya kufuta vyote. Usilifikie chaguo hilo kabla ya kuwa na nakala.

Kuna jambo moja zaidi. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa kufuli la kidijitali liitwalo BitLocker. Mashine ikifanyiwa matengenezo makubwa, kama kubadilishwa mazabodi, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo hata fundi hodari hawezi kuyafikia mafaili. Kwa kawaida ufunguo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzishia kompyuta. Uandike leo, mashine ikiwa nzima, na uuweke pamoja na vyeti vyako.

Mafaili kwanza, matengenezo baadaye

Kipuri kilichoungua hununuliwa kingine, lakini hesabu za mwaka mzima haziuzwi dukani. Kwa hiyo kanuni tunayoisisitiza ni moja: pasiwe na mtu wa kupiga Windows katika kompyuta yako kabla mafaili hayajatolewa na wewe mwenyewe ukayafungua katika kompyuta nyingine na kuyaona.

Jambo hili linawezekana hata mazabodi ikiwa imeungua. Diski huweza kuchomolewa, kuwekwa katika kasha dogo la USB na kusomwa katika kompyuta nyingine kama flashi kubwa, isipokuwa pale ilipofungwa kwa BitLocker na ufunguo haupo, au diski yenyewe imeharibika. Baadhi ya kompyuta mpakato za kisasa zina diski iliyounganishwa moja kwa moja na mazabodi. Muulize fundi kama yako ni ya aina hiyo kabla hajaanza kazi.

Unapomkabidhi fundi

Mwambie fundi ulichokiona, usimwambie unachodhani. Kusema "feni inavuma, skrini nyeusi, hakuna mlio, ilianza baada ya umeme kukatika jana jioni" kunamsaidia fundi mwaminifu na kunambana asiye mwaminifu. Kisha mkubaliane kwa maandishi, hata kwenye karatasi ya daftari, mambo yafuatayo:

– Jina la duka, namba ya simu, tarehe, pamoja na aina ya mashine na namba ya utambulisho iliyobandikwa juu yake.

– Ukubwa wa RAM na wa diski wakati wa kuikabidhi. Kompyuta iliyoingia na RAM ya GB 8 isitoke na ya GB 4.

– Gharama ya uchunguzi, na kwamba kipuri chochote hakitanunuliwa kabla hujaelezwa bei na kukubali.

– Kwamba kipuri kilichotolewa utarudishiwa, hata kama kimeungua.

– Kwamba mafaili hayatafutwa bila idhini yako ya maandishi.

– Muda wa dhamana ya kazi na ya kipuri.

Vipuri vingine havipatikani Mpanda, na mashine hulazimika kusafirishwa hadi Tabora, Mwanza au Dar es Salaam, safari ambayo kwa Dar es Salaam inazidi kilomita elfu moja. Ikiwa tatizo ni la pawasaplai au mazabodi, na diski inachomoleka, omba itolewe ubaki nayo. Fundi wa mbali haihitaji diski yako ili kuipima bodi. Hata mzigo ukipotea njiani, hesabu zako zimebaki nyumbani.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka muuzaji auze bidhaa inayofaa kwa matumizi yake, na mtoa huduma aifanye kazi kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayamwondolei muuzaji wajibu huo pale bidhaa inapokuwa mbovu. Dai risiti ya kielektroniki kila unaponunua kipuri. Bila risiti, shauri lako linabaki neno lako dhidi ya neno lake. Ukiona umedhulumiwa, anza kwa kumwandikia mfanyabiashara mwenyewe. Asipojibu au asiporidhisha, wasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala za risiti na makubaliano.

Taarifa zako nazo zinalindwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya ukusanyaji na utumiaji wa taarifa za watu. Fundi uliyempa mashine arekebishe feni hana ruhusa ya kunakili picha za familia yako. Ukilazimika kumpa nywila, ibadilishe siku unayoichukua kompyuta.

Kama unaamini umeme ndio uliounguza vifaa, andika tarehe na saa, namba ya mita yako, na majirani walioathirika. Toa taarifa mapema kwa maandishi katika ofisi ya TANESCO na ubaki na nakala. Usiporidhika na majibu, lalamiko hupelekwa EWURA.

Kinga

Umeme ukikatika, chomoa kompyuta. Usiichomeke tena mpaka uone taa za nyumbani zimetulia. Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ichomoe unaposikia radi ya mbali, kwa kuwa stabilaiza haizuii radi. Mwenye uwezo anunue UPS, ambayo hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Hakikisha nyumba ina waya wa erthi uliofungwa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kila mwisho wa wiki nakili mafaili muhimu kwenye flashi, na flashi hiyo isikae karibu na kompyuta. Mwizi au moto hauchagui.

Tumrudie katibu

Kompyuta ya katibu wetu imekwama katika hatua ya pili: feni inavuma, skrini ni nyeusi, nembo haijaonekana. Kwa hiyo fundi wa pili amekosea. Windows haiwezi kuwa chanzo cha tatizo, kwa sababu mashine haijafika kwenye Windows. Kuipiga upya hakutaleta picha, na kungeweza kufuta hesabu. Fundi wa kwanza anaweza kuwa sahihi, lakini hajathibitisha. Ajaribu kwanza waya wa skrini, RAM na pawasaplai nyingine, mbele ya mwenye mali. Na jambo la kutangulia yote hayo ni diski kutolewa, kusomwa katika kompyuta ya mwanachama mwenzake, na hesabu kuchapishwa kwenye karatasi. Hapo hata mashine ikithibitika kuwa imeungua, wanachama thelathini watagawana siku ileile waliyoipanga.